Sombe Aliyokula Mdogo Wangu

Kazi yangu ni kufuta watu. Nalisema mapema ili msidhani mimi ni mtu wa kuziba pua ovyo. Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, hapa Shively, Louisville, Marekani, nimefuta kila kitu kinachoweza kutoka mwilini mwa binadamu, na nikimaliza navua glavu, nanawa, naenda kula chakula changu bila shida. Mzee asiyejiweza hanitii kinyaa. Kinachonitia kinyaa ni mtu mzima mwenye akili zake kufanya uchafu halafu akaupa jina zuri. Hilo nimeliona kwa mdogo wangu, nikaliona kwa wazungu wa Columbus, nikaliona kwa watu wetu wenyewe kule Buffalo, na hao wa mwisho ndio walionichafua roho kabisa.

Nianze na mdogo wangu. Alikuwa mlevi, na wala hakuwa mlevi wa kuchekesha, yule wa kuimba njiani watoto wakimfuata. Huyu alikuwa mlevi wa kimya, mlevi wa kujifungia bafuni. Alianza na bia za baada ya shifti, ghalani kule Okolona, yeye na wenzake kwenye maegesho ya magari. Bon, nani angemkataza? Kijana ametoka kubeba maboksi, ana jasho lake. Kisha bia ikawa vodka, na vodka ikaanza kunywewa asubuhi. Alikuwa anaishi kwangu. Nimefukua chupa kwenye ndoo ya unga wa bugali. Nimemkuta kwenye kochi langu amejikojolea, mdomo wazi, na ananuka ile harufu ya pombe iliyokwisha kukaa ndani ya mtu ikaoza pamoja naye.

Nilikuwa nafuta wazee wa watu mchana, nikirudi nyumbani namfuta yeye. Tofauti ni kwamba mzee wa Shively anakuambia asante. Mdogo wangu alinitukana, akalia, akatapika, na asubuhi akanywa chai akaniambia, "Yaya, jana nililala mapema." Kwetu Kivu, Kongo, yaya ni dada mkubwa. Mama yetu alifia kambi ya wakimbizi Tanzania huyu akiwa bado wa kubebwa, hata sura yake haikumbuki, kwa hiyo yaya nilikuwa mimi, na mama nilikuwa mimi, na mtu wa kudanganywa asubuhi nilikuwa mimi pia.

Siku moja daktari alimwita akamwonyesha ini lake kwenye kompyuta. Nilikuwepo. Alisema, ukiacha sasa litapona kiasi cha kukuwezesha kuishi, usipoacha utakufa ungali kijana. Alisema kwa upole, utadhani anatabiri mvua. Mdogo wangu akatikisa kichwa, akashukuru kwa adabu, na jioni hiyo hiyo akalewa. Basi jambo lenyewe ndilo hilo, msilitafute kwingine: aache aishi, au asiache tumzike.

Tulijaribu kila kitu. Alipewa vidonge, akavitupa. Alipelekwa kwenye mikutano ya walevi wanaokaa duara na kuambiana majina, akaenda amelewa. Alifungiwa kwenye chumba cha maombi, akatoka mwembamba na mtakatifu, na wiki haikwisha akawa amelewa tena. Walipomfukuza kazi Okolona akahamia Columbus, kwa rafiki yake mmoja kule Northland, nami kusema kweli niliposhusha mfuko wake wa nguo kwenye gari nilijisikia kama niliyeoga. Halafu akanipigia simu akasema amekubaliwa kwenye utafiti. Kuna madaktari wanawapa walevi uyoga.

"Uyoga gani?" nikamuuliza.

"Ule wa kuonyesha vitu, Yaya. Wameuweka kwenye kidonge. Wanakupa mara mbili, unalala, wao wanakaa na weye mpaka unarudi."

Nikakaa chini. Milimani kwetu, mvua zikianza, akina mama walikuwa wakichambua uyoga kwa makini kuliko wanavyochambua mchele. Kulikuwa na wa kula, wa kuua, na wa kutia wazimu, na ule wa tatu waliusukuma kwa kijiti bila kuugusa. Sasa tumevuka bahari, tumeingia nchi ya madaktari, na mdogo wangu anatafutiwa ule wa kijiti. Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni.

Waliruhusu ndugu mmoja aje aone mahali. Nikaendesha kutoka Louisville mpaka Columbus nikiwa nimekunja uso, na nilipoingia kwenye kile chumba uso ukajikunja zaidi. Nilitegemea hospitali. Nilikuta kochi pana lenye blanketi la manyoya, mshumaa unaonukia pipi, majani ya plastiki, na sauti ya mto unaotiririka kutoka kwenye spika. Kwenye bakuli kulikuwa na mawe laini, eti ya kushika ukiogopa. Ukutani walikuwa wametundika kinyago, jitu la mbao lenye macho ya kutumbua. Mwanamke mmoja wa pale, ambaye alitembea na soksi bila viatu na kuongea kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, akaniona nakitazama. Akasema walidhani kitamsaidia mdogo wangu kujisikia nyumbani.

Nyumbani wapi? Sisi ni walokole toka kwa babu. Kinyago kama kile kingeonekana nyumbani kwetu, bibi yangu angekifanya kuni akapikia maharage. Lakini nilinyamaza, kwa sababu ini halingoji mtu amalize hasira zake.

Wangekaa naye wawili, yule mwanamke wa soksi na mwanaume mmoja mwenye ndevu zilizochanwa vizuri. Wakamwelekeza mbele yangu. Atafunikwa macho, atasikiliza muziki, na atakachokiona akisogelee. Akitishwa asikimbie. Akipewa kitu, apokee. Waliita jambo hilo safari, wakilitamka lile neno letu kwa mapenzi kabisa, huku mwanamke ameweka kiganja kifuani. Nikawaza, sisi tumesafiri. Tulitoka Fizi na sufuria kichwani na mtoto mgongoni, na hakuna aliyetuwashia mshumaa. Nilichukia ule utamu wote. Harufu ya ule mshumaa ilinifuata kwenye nguo mpaka Louisville, nikafua koti langu mara mbili.

Siku alipopewa kile kidonge, nilikuja kumchukua jioni. Walinikabidhi mdogo wangu mlangoni, amenawa uso, ametulia, anatembea kama mtu aliyetoka kulala kwenye nyumba ya ndugu zake. Tulikuwa kwenye barabara ya Morse, nyuma ya basi, nikamuuliza tukanunue chakula gani.

"Nimeshiba," akasema.

"Wamekulisha nini?"

"Hawa? Biskuti." Akanigeukia. "Yaya, nilimuona mama."

Akanieleza. Alikuwa kwenye jiko la mafiga lenye moshi. Mwanamke amempa mgongo, anasonga bugali, na yeye akajua ni nani kabla hajageuka. Kwanza aliogopa. Kisha akakumbuka alivyoelekezwa, akasogea. Mama akageuka, hakusema neno. Akampa sahani ya bugali na sombe, yale majani ya muhogo, yenye mawese mengi, naye akapokea, akaketi chini akala kwa mkono, na mama akachuchumaa akawa anamtazama mpaka akamaliza. "Alikuwa anasonga na mkono wa kushoto," akasema. "Mama alikuwa wa kushoto?"

Nikaingiza gari kwenye maegesho ya duka nikazima. Ndiyo, alikuwa wa kushoto. Bibi yetu alimpiga sana kwa ajili ya mkono huo. Pengine nilipata kumwambia mdogo wangu, pengine sikumwambia, sikumbuki. Alikuwa analia bila kujificha, kamasi zinashuka, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi nilimfuta uso wala sikuona kinyaa.

Lakini niliogopa. Kwa watu wetu, kila mtoto analijua hili: katika ndoto hupokei chakula, na kutoka kwa mfu ndiyo kabisa. Ukila huko, umelishwa. Wachawi wanakuja na sura ya mtu unayempenda, wanakupa kitu, unakimeza, na kuanzia hapo wewe ni wao. Mtu akiota amekula nyama, asubuhi hanywi hata maji kabla hajaombewa. Mdogo wangu alikulia Louisville, kwenye shule za mabasi ya njano. Hayo aliyasikia kwa sikio moja.

"Usimwambie mtu," nikamwambia. "Mshukuru Mungu, unyamaze."

Akacheka. "Yaya, na weye unaamini mambo hayo?"

Sikujua kama naamini. Nilichojua ni kilichofuata. Hakunywa. Wiki ya kwanza nilisema ni woga. Baadaye nikaanza kumnusa. Alikuja kwangu Louisville, akalala, na nilinusa kikombe chake, nikanusa mto, nikainama bafuni kunusa tundu la sinki kama mbwa wa polisi. Nikakuta harufu ya sabuni. Alirekebisha bomba langu la jikoni lililokuwa likivuja tangu enzi za ulevi wake. Weupe wa macho ulirudi. Daktari wa ini akafanya vipimo akasema endelea hivyo hivyo, na safari hii hakusema kama mtu wa hali ya hewa, alitabasamu. Niliwachukia bado wale wa mshumaa. Ilinikera kwamba ningelazimika kumshukuru mwanamke wa soksi, lakini nilikuwa nimeanza kuyapanga maneno.

Sikukuu ya bata mzinga, ile ya Wamarekani kushukuru, ilipofika, mama mdogo akatuita Buffalo. Huyu ni mdogo wake mama yetu. Ndiye aliyetulea kambini, na serikali ilipotugawanya, sisi tukaletwa Louisville, yeye na mumewe wakapelekwa Buffalo. Wiki nzima anafanya kazi kiwandani, Jumapili ni jenerali wa waombezi. Wanawake wa kikundi chake wakifunga, wanafungisha hata watu ambao hawakuulizwa. Tukaenda, tukala, tukacheka, theluji ikatufungia ndani, na mama mdogo alimshika mdogo wangu mashavu akasema, "Umerudi, mwanangu." Alikuwa na furaha ya kweli, siwezi kumnyima hilo.

Jumapili tukaenda naye kanisani. Sasa kanisani kwetu mtu akipata jema hakai nalo. Anasimama, anasema Bwana asifiwe, anaeleza alivyokuwa na alivyo, watu wanapiga makofi. Kunyamaza na muujiza ni sawa na kuiba sadaka. Walipouliza nani ana ushuhuda, mdogo wangu akainuka kabla sijamshika.

Akasema alikuwa mlevi na sasa hanywi. Vigelegele vikaruka hadi darini. Mama mdogo alisimama analia, anapunga kitambaa. Angeketi hapo, hadithi yangu ingeishia hapo, na isingekuwa na haja ya kuandikwa. Nilimvuta koti kwa nyuma. Hakugeuka.

"Na Mungu alinionyesha mama yangu," akasema. "Donc, sikuwa namjua, sasa namjua. Alinipikia sombe. Nikala yote."

Makofi yalikufa moja moja. Nilisikia mashine ya joto inavyovuma ukutani. Mama mmoja nyuma yangu akasema polepole, "Yesu," jinsi unavyosema ukiona nyoka. Mchungaji akachukua kipaza sauti akasema amina, tuimbe, na tukaimba, na mdogo wangu akaketi akitabasamu, hajui alichokifanya. Mama mdogo hakuimba. Alikuwa akimtazama kisogo.

Ibada ilipoisha wakamshusha chini, kwenye chumba cha watoto cha sanduku la mchanga na michoro ya safina. Walikuwa akina mama sita au saba na mimi. Juu ya meza ndogo waliweka chupa ya mafuta ya zeituni, kopo la maji ya chumvi, na chini ndoo ya njano yenye magurudumu. Ilikuwa ndoo ya kupigia deki vyoo. Walikuwa wametoa mopu tu, na ukingoni bado kulikuwa na nywele za watu. Nikaangalia ile ndoo, nikaangalia nyuso zao za ibada.

"Umelishwa, mwanangu," mama mdogo akamwambia. "Aliyekupa si mama yako. Dada yangu amelala Tanzania, nilimzika kwa mikono hii. Kile kitu kiko tumboni mwako, lazima kitoke."

"Hapana," akasema mdogo wangu. "Mama mdogo, mimi nimetapika vya kutosha maisha yangu. Hiki sitoi."

"Ni cha shetani."

"Shetani ananiachisha pombe?"

"Anatoa kidogo ili achukue kikubwa." Na wale wengine wakasema amina.

Nikasema, "Mama mdogo, ini lake linapona. Daktari ameona. Muacheni kijana." Mmoja akawaambia wenzake kwamba yaya wake ana moyo mgumu, ataharibu maombi, atoke. Sikutoka. Nilisimama mlangoni na koti langu, na nilimwona mdogo wangu ameketi wima kwenye kile kiti cha kitoto, magoti karibu na kidevu, amefumba midomo. Nikajua hatakunywa yale mafuta. Nikajisikia fahari.

Ndipo mama mdogo akapiga magoti.

Kwetu mkubwa hapigi magoti mbele ya mdogo. Halipo hilo. Mtoto akimfikisha mzazi wake hapo, anabeba laana, na hakuna anayejua itamwangukia wapi. Mama mdogo ana magoti mabovu ya kiwandani, nilisikia yanavyolia. Akamshika miguu. "Nilikubeba mgongoni," akamwambia, "nikiwa sina hata cha kujifunika mimi. Sijakuomba kitu hata siku moja. Leo nakuomba." Na alikuwa analia machozi ya kweli. Hilo ndilo lililonitia kinyaa kuliko ile ndoo, kwamba alimpenda kabisa, na upendo ule ule ndio aliomkabia nao shingo.

Mdogo wangu akanitazama. Angemkatalia askari, angemkatalia daktari, lakini mwanamke aliyembeba, akiwa chini pale kwenye kapeti, hakuna mtoto wa kwetu angemkatalia. Akasema, "Inuka, mama mdogo. Tafadhali inuka." Hakuinuka. Basi akachukua ile chupa akanywa.

Sitasimulia yote. Walimminya tumbo. Waliimba juu ya sauti yake. Kila alipotapika walipiga kelele za ushindi, na wakainama wote juu ya ndoo kutazama, vichwa vimegongana, vilemba vya Jumapili na hereni za dhahabu juu ya matapishi, wakitafuta. Mmoja akasema ameona jani. Wengine nao wakaliona. Haleluya. Nimeishi na mlevi, nimefanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na nakuambia sijawahi kuona kitu kichafu kama ile furaha yao.

Walipotosheka mama mdogo akanisukumia ndoo. "Wewe umezoea," akasema, bila ubaya.

Nikaivuta mpaka chooni. Nikachungulia, ndiyo, na mimi nilichungulia. Palikuwa na bata mzinga, wali, na mafuta yanaelea. Hapakuwa na jani hata moja. Nikamwaga, nikaiosha, nikarudisha mopu ndani yake. Nilipotoka walikuwa wanampa chai na mandazi na kumkumbatia, kila mmoja akimwambia sasa uko safi. Alimshukuru kila mmoja kwa zamu yake. Midomo ilikuwa imepauka na kung'aa mafuta.

Kutoka Buffalo hadi Columbus ni mwendo mrefu, na ziwa linakufuata upande mmoja kwa muda mwingi. Aliegemeza kichwa kwenye kioo. Nikamuuliza kama anataka maji. Baada ya muda akasema, "Nilikuwa bado naisikia ile sombe, Yaya. Ladha yake. Kila siku asubuhi, kabla sijapiga mswaki. Sasa nasikia mafuta ya zeituni tu." Nikaongeza joto la gari.

Hakurudia pombe papo hapo. Lakini sauti yake kwenye simu ilibadilika. Alianza kutafuna pipi mfululizo, hakulala, akaniambia anapita mbali na maduka ya pombe, yaani ameanza tena kujua yako wapi. Kilichomshikilia ni ile dozi ya pili. Alihesabu nayo. "Nitamuona tena," alisema. "Nitamwomba msamaha. Anajua mama mdogo alivyo, ni mdogo wake."

Siku ilipofika niliingia naye. Mshumaa ule ule, mawe yale yale. Mwenye ndevu akamuuliza kama kuna lolote limetokea tangu mara ya kwanza, naye, kwa kuwa ni mtoto mkweli akiwa hajalewa, akawaeleza kila kitu, mafuta, ndoo, magoti. Mwanamke wa soksi akaweka kiganja kifuani. Macho yalimlegea. Akasema ni jambo la kupendeza sana kwamba jamii yetu ina ibada zake za kusafisha mtu, na kwamba pengine hiyo imekuwa sehemu ya safari.

Nilimtazama yule mwanamke. Nilitaka kumwaga lile bakuli la mawe kwenye mapaja yake. Ameambiwa kwamba kijana amekabwa na ndugu zake mpaka akatoa kitu pekee kilichokuwa kikimweka hai, na yeye anaona utamaduni. La kuvunda halina ubani, lakini wale walikuwa na ubani wa kila kitu. Mdogo wangu akaniambia kwa Kiswahili, "Yaya, acha, nenda," akavaa kitambaa cha macho mwenyewe, haraka, kama mtu anayechelewa mahali.

Jioni nikamchukua. Mwenye ndevu akaniambia leo imekuwa tulivu. Kwenye gari nilingoja mpaka tukaiacha ile mitaa yao.

"Hakuja?"

"Alikuja."

Jiko lilikuwa lile lile, akasema. Moto ulikuwa umezimwa na sufuria imefunikwa kifudifudi juu ya figa. Mama alikuwa amekaa na mikono mapajani, na safari hii alikuwa anamtazama tangu mwanzo, na safari hii alizungumza.

"Alisemaje?"

Mdogo wangu alikuwa anaangalia nje, kwenye maduka ya barabara ya Morse. "Aliniuliza, mwanangu, kilikuwa kibaya?"

Nikashika usukani. Magari ya nyuma yakanipigia honi kwa sababu taa ilikuwa ya kijani na mimi sikuiona.

"Ukamjibuje?"

"Unamjibuje mtu hivyo, Yaya? Amepika. Nimekula. Nimekwenda kutapika mbele za watu." Akafungua mkanda wa kiti. "Niache hapa."

Nikamwambia siachi mtu hapa. Nikamwambia turudi wote Louisville, nitampikia mimi. Alinisikiliza kwa heshima yote. Kwenye taa iliyofuata akafungua mlango akashuka, akaurudisha taratibu usije ukagonga, akavuka kuelekea kule nilikojua anaelekea.

Sasa yuko kwangu tena. Nilimfuata baada ya wiki, nikamkuta kama nilivyojua nitamkuta. Amerudi kwenye lile kochi na macho yamekuwa ya njano. Daktari wa ini hatabasamu. Wale wa utafiti wamempigia mara kadhaa wamuulize maswali yao ya mwisho, naye hapokei, na mimi nikipokea nasema hayupo.

Juzi mama mdogo akapiga. Amesikia. Alikuwa analia, na nyuma yake nilisikia wanawake wanaimba. Akasema amefunga siku tatu kwa ajili yake, na ameonyeshwa kwamba siku ile kazi haikwisha, kuna kitu kilibaki ndani. Akasema mlete, mwanangu, mlete tena Buffalo, tumalize kukitoa.

Nilimtazama mdogo wangu kwenye kochi, shavu juu ya mate yake mwenyewe, na tumbo lililovimba likipanda na kushuka.

"Mama mdogo," nikamwambia, "hakuna kilichobaki."